Sufuria ya Mama Virgule

Kabla sijasema lolote juu ya Mama Libérata, lazima niseme juu ya kamba yake. Ilikuwa kamba ya katani yenye fundo upande mmoja, na ilikaa katika mfuko wa koti lake pamoja na rozari na kipande cha chaki. Akikuta kitu cha mviringo, beseni, kifuniko cha pipa au mdomo wa kinu, atakizungushia kamba, atabana kwa kidole pale inapokutana, kisha ataipitisha katikati ya kile kitu kutoka ukingo mpaka ukingo. Mara moja, mara mbili, mara tatu, na kapande kadogo kanabaki. "Hako kenye kanabaki," atakuambia, "njo kanafanya pi isiishe." Hukumuuliza, lakini atakuambia.

Alifundisha hesabu miaka ishirini na miwili katika shule ya msingi juu ya kilima kimoja cha Masisi, mashariki ya Kongo, mpaka vita vilipofunga shule na kuwatelemsha watu wote mpaka kambi ya wakimbizi ya Kashuga. Wanafunzi wake walisahau mengi, lakini hakuna aliyesahau pi, ile namba ya duara, tatu virgule kumi na nne, virgule ikiwa ni mkato wa desimali kwa Kifaransa. Ndiyo maana kambini walimwita Mama Virgule. Alijifanya hapendi jina hilo, ila ukimwita hivyo aligeuka upesi kuliko ukimwita kwa jina la ubatizo.

Mimi ni Benoît, mtu wa Walikale. Baba yangu aliwinda na kulima mihogo msituni, na mimi sikurithi subira ya mwindaji wala ya mkulima. Niliingia katika kazi ya utafiti kwa sababu walitoa buti na koti la mvua. Nasema ukweli, kwa kuwa habari hii haifai kusimuliwa na mtu anayejipamba.

Utafiti ulitaka kujua watu wangapi wamekufa tangu Noeli katika maeneo yetu. Mwezi wa tano tulifanya Walikale. Mwezi wa sita tukahamia kambi ya Kashuga, wakachukuliwa wasaidizi wapya kutoka kwa wakimbizi wenyewe, na mimi nikawekwa kuwaonyesha kazi. Libérata alikuwa mmoja wao. Siku ya mafunzo alikaa benchi la mbele la ukumbi wa kanisa, daftari limefunguliwa na kalamu mbili zimelala sambamba, akatutazama sote kana kwamba ndisi tuliochelewa darasani.

Msimamizi wetu, Papa Dusabimana, mtu wa takwimu kutoka Goma, aliandika pi ubaoni. Libérata akainua mkono kabla chaki haijashuka.

"Chefu, hapa hakuna duara."

"Hakuna, mama. Hapa pi ni nafasi ya nyumba kuchaguliwa. Kama tunachagua nyumba moja mu nyumba mia mbili, pi yake iko moja juu ya mia mbili."

"Pi iko tatu virgule kumi na nne."

"Ya duara njo ile. Sisi batu ya takwimu tuliikamataka ju ya kazi ingine."

Akamweleza kwa upole. Nyumba ikichaguliwa moja katika mia mbili, inasemea wenzake wote mia mbili. Ukitaka kujua inasemea nyumba ngapi, gawanya moja kwa pi yake. Na pi kubwa, ile inayosimama kama mlango wa kanisa, ni amri ya kuzidisha: nafasi ya kambi kuchaguliwa, mara nafasi ya mtaa, mara nafasi ya nyumba. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha mdogo, akaongeza kwamba katika karatasi za mradi hata mkubwa wetu wa utafiti, ambaye hatujawahi kumwona, anaandikwa kwa cheo chake cha Kiingereza kilichofupishwa kuwa herufi hizo mbili, P na I. Tukacheka. Libérata hakucheka. Alikuwa anaandika yote, na niliona anapenda anachokisikia, kama mtu aliyemfahamu jirani miaka mingi kisha akagundua kumbe ana ndugu mji wa pili.

Halafu akainua mkono tena.

"Nyumba yenye bote balikufa. Haina muntu ya kujibu. Pi yake iko ngapi?"

Dusabimana alishusha chaki. "Sifuri, mama."

"Na inasemea ngapi? Moja, unagawanya na sifuri?"

Kila aliyepita darasa la sita anajua kwamba moja haigawanyiki kwa sifuri, na yeye ndiye aliyetufundisha, au walitufundisha wenzake.

"Haiingie mu hesabu," Dusabimana alisema mwishowe. "Tunajua, mama. Tunaandikaka mu ripoti kama njo upungufu ya kazi yetu."

"Upungufu," alisema Libérata, akaketi.

Mimi nilitazama buti zangu. Nilikuwa nimeziona nyumba kama hizo kule Walikale, na moja ilikuwa bado inanitembelea usingizini. Kalamu tunayoizungusha ili kuchagua njia ilinielekeza kwake, kijijini nje ya barabara, mwendo wa nusu siku kutoka Hombo. Mlango wake wa mbao ulikuwa na rangi ya buluu, na mmea wa boga ulikuwa umetambaa juu ya kizingiti mpaka ndani. Nilibisha hodi. Mzee mmoja aliyekuwa anamenya mihogo ng'ambo ya njia aliniambia nisijisumbue. "Bale ba Élie? Bote saba. Mwezi ya pili, bale ba bunduki bakapita." Sheria inasema jirani hajibu kwa niaba ya nyumba. Inasema pia urudi mara tatu. Nilisimama pale muda wa kuandika "hakuna mtu", nikaandika kwamba nimerudi mara tatu, nikaenda nyumba inayofuata. Sikutaka kuliona lile boga tena.

Kazi ya Kashuga ilikwenda hivi. Unasimama katikati ya mtaa wa kambi, unalaza kalamu juu ya jiwe bapa, unaizungusha. Inapoelekea ndiko unakokwenda. Unahesabu vibanda mpaka namba uliyookota kwa kura, unaingia, unaketi, unauliza swali la kwanza: tangu Noeli, watu gani wamekula kutoka sufuria moja na wewe? Maana kwa utafiti nyumba siyo paa wala kitanda. Nyumba ni sufuria. Waliokula humo ni watu wa nyumba, na kila mmoja unamwekea neno moja: yupo, ametoka, amekufa, au hajulikani.

Wengi wetu tuliuliza "muko bangapi" na tukapata uongo. Kina mama wa huku hawapendi watoto wao wahesabiwe. Namba ikitajwa kwa sauti, wanasema, kuna mwingine anayesikia. Libérata hakuuliza namba hata siku moja. Aliuliza majina. "Nani alianza kula? Nani alilamba mwiko?" Akaandika majina, namba ikajijaza yenyewe.

Siku ya tatu tuliingia kwa bibi mmoja aitwaye Nyirabagenzi. Alitaja majina sita na kibandani alikuwa yeye na mjukuu mmoja tu. Mimi nilitaka kumkatiza. Libérata alinikanyaga mguu. Aliandika wote sita, na kwa kila jina bibi alipokaa kimya, naye alikaa kimya kiasi hichohicho, kisha akaandika "amekufa". Tulipotoka nilimwambia tumepoteza saa nzima. Alinijibu kwamba nikiona saa imepotea niende niitafute. Tangu siku ile nilimheshimu, na pia nilimwogopa kidogo.

Mvua ya Masisi ikianza haina adabu. Adhuhuri ya siku ya nne ilitukamata, tukakimbilia kibanda chake. Mume wake, Munyakazi, alikuwa amekwenda kulimia watu viazi, na watoto wao watatu walikuwa kwa mafundisho ya komunyo. Turubai lilipigwa na mvua mpaka tukalazimika kusogeleana ili kusikilizana. Kati yetu, juu ya mafiga matatu yasiyo na moto, ilikaa sufuria moja ya alumini, nyeusi chini na imebonyea ubavuni. Akaitoa kamba mfukoni, akaizungusha. Nilijua atafanya hivyo.

"Sabini na tano," alisema. "Sentimetre. Haibadilikake."

Kisha akanisimulia, bila mimi kuuliza, akitazama sufuria.

Siku mbili kabla ya Noeli iliyopita mdogo wake, Claudette, alifika kule kilimani na mume na watoto watano. Huko kwao Walikale walisikia fununu za watu wenye silaha, wakapandisha Masisi kutafuta usalama. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Claudette alilishika jembe tangu siku ya kwanza, na mume wake alipasua kuni mpaka kuni zikakosa pa kupangwa. Binti yao mkubwa, Uwamariya, mwenye miaka tisa, hakutoka ubavuni mwa mama yake mkubwa, mwalimu wa hesabu. Yeye ndiye aliyepima sufuria. Alizungusha kamba, akaipitisha katikati, akaona kale kapande kanakobaki, akauliza kanakwenda wapi.

"Nilifurahi sana," Libérata alisema. "Miaka ishirini na mbili, hakuna mutoto aliniulizaka kanaenda wapi."

Lakini mavuno yalikuwa mabaya, na nyumba ya watu sita ilikuwa imekuwa ya watu kumi na watatu. Mama mkwe alinung'unika. Siku ya kumi na tatu Libérata alichukua kipimo cha Uwamariya, akachukua chaki, akaandika ukutani. Mzunguko sabini na tano. Gawanya kwa pi, kipenyo ishirini na nne. Nusu yake kumi na mbili. Kumi na mbili mara kumi na mbili, mara pi, mara kimo cha sufuria, kumi na nne. Lita sita na kidogo. Gawa kwa watu kumi na watatu. Haifiki nusu lita kwa mtu, kwa siku. Alimwita mdogo wake akamwonyesha, mstari kwa mstari, kama anavyomwonyesha mwanafunzi mgumu. Claudette aliishia darasa la pili. Kesho yake, tarehe tano ya Januari, wakafunga mizigo wakarudi Walikale.

"Na hesabu ilikuwa sawa," alisema. "Nimeirudilia mara mia moja. Niko natafuta kosa, haina kosa. Njo inaniuma, kaka Benoît. Kama ningekosea ningejua nimekosea wapi."

Nilimuuliza kama alipata habari zao. Alisema hapana. Waendesha pikipiki wa barabara ya Hombo kila mmoja alikuwa na jibu lake. Wengine walisema kijiji kizima kimekimbilia Walikale mjini, wengine wakasema kimevuka kwenda Kivu ya Kusini. Yeye alishika jibu la Walikale mjini.

"Mutu akipita mu kile kijiji atajua nyumba yabo," alisema. "Élie alipakaka mulango rangi ya blue. Ilibakiaka ku kanisa, padri akamupa."

Mvua iliendelea. Nilikunywa chai aliyonipa, na ule mlango niliobisha hodi sikuutaja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia kwamba milango ya buluu ni mingi, na kwamba kina Élie pia ni wengi. Ukweli ni kwamba niliogopa, na niliona aibu ya zile mara tatu nilizoziandika bila kurudi. Siku mbili zilizofuata sikulala vizuri.

Siku ya mwisho kalamu ilizunguka juu ya jiwe la mtaa wake, ikasimama. Tulihesabu vibanda. Cha nane kilikuwa chake.

Msaidizi hajihoji mwenyewe. Dusabimana alitazama huku na huku, akasema, "Benoît, wewe ingia." Ningeweza kukataa. Niliingia.

Libérata aliketi upande wa wahojiwa, akanyoosha kitenge juu ya magoti. Nilisoma swali jinsi lilivyoandikwa, ingawa alilijua kuliko mimi.

"Mama, tangu Noeli, batu gani bamekula mu sufuria moja na wewe?"

Akaanza na yeye mwenyewe, akaja mume wake, wakaja watoto watatu. Wote wapo. Akamtaja mama mkwe. "Alikufaka mwezi ya ine. Tumbo." Nikaandika amekufa. Ilikuwa rahisi kiasi cha kunitisha.

"Claudette," alisema.

Nikainua macho.

"Andika. Alikula mu hii sufuria siku kumi na ine. Noeli iko ndani. Sidanganye."

Hakudanganya, sheria ilikuwa upande wake. Niliandika Claudette. Niliandika Élie. Niliandika watoto watano jinsi alivyowataja, akianza na Uwamariya, mpaka yule wa mwisho ambaye bado walimwita Bebe. Alikuwa na sauti ya mwalimu anayeita majina asubuhi. Mistari saba, yote wazi upande wa kulia.

"Na sasa beko wapi?" Lazima niulize hilo pia.

"Batoka. Andika batoka. Tarehe tano ya Januari."

Kalamu haikwenda. Nilitaka iende. Nilijua nikiandika "wametoka" watakuwa wametoka milele: kule kwao nyumba haina wa kuijibia, na hapa wataonekana ni watu walioondoka na afya zao. Hakuna karatasi nyingine duniani itakayowauliza.

"Kaka Benoît. Ju ya nini hauandike?"

"Mulango iko blue," nilisema. Sikupanga kusema hivyo. "Nilifikaka kule, mama. Mwezi ya tano."

Nje mtu alikuwa anapiga nguo juu ya jiwe.

"Nani alikujibu?"

"Hakuna."

"Hata Uwamariya?"

"Hata yeye, mama. Jirani alisema bote saba. Mwezi ya pili." Kisha nikamwambia na lile lingine, kwamba nilitakiwa kurudi mara tatu, na nilifika mara moja tu, na nilipoondoka nilikimbia. Alitikisa kichwa kana kwamba hilo la kwangu lilikuwa dogo, na labda lilikuwa.

Hakulia mbele yangu. Aliivuta sufuria karibu, akaweka mkono ndani yake.

"Sikukuambiaka yote siku ya mvua," alisema. "Wakati nilimaliza kuandika ku ukuta, nilimuambia, unaona, haitoshe. Claudette akaangalia ile hesabu yote, na pi yake. Akaniambia, 'Lakini dada, sufuria inapikwaka mara mbili.'"

Nililaza kalamu juu ya goti.

"Sikumujibu. Maharagwe ilikuwako, ya mbegu. Kuni ilikuwako, Élie alipasua. Nilipanguza ukuta."

Niliandika "amekufa" mara saba. Aliangalia kila moja ikiandikwa, na mkono wake haukutoka katika sufuria.

Jioni ile Dusabimana alipitia karatasi, akaniita. Tarehe hazikukubaliana: watu waliotoka Januari hawawezi kufa Februari katika nyumba waliyoitoka. Nilimweleza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nikiacha hapa, hii nyumba itasemea mia mbili," alisema. "Tutakuwa tumeua batu mingi benye balikuwa bazima." Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa hiyo haki yake. Alichukua rula, akapiga mstari juu ya majina saba, taratibu, kwa namna ambayo bado yangesomeka, na pembeni akaandika kwa mkono wake: wametoka.

Ripoti ilipotoka tuliletewa nakala moja. Libérata aliisoma ukurasa kwa ukurasa, akafika penye upungufu wa kazi: sentensi mbili, herufi ndogo. Akaifunga, akanirudishia, akaniuliza kama nimekula.

Sasa amerudi kufundisha, chini ya turubai, watoto wa kambi. Pi anaifundisha kama zamani, kwa kamba na beseni. Ila kila siku, baada ya watu wake kula na sufuria kuoshwa, anaijaza maji tena na kuirudisha jikoni. Anapika mara ya pili, kipimo kilekile, kwa maharagwe ambayo sijui anayatoa wapi. Munyakazi alilalamika wiki ya kwanza, akaacha. Majirani wengine wanasema Mama Virgule anapikia mizimu na wanawakataza watoto wao kupita pale. Watoto wanapita.

Nami nikiwa Kashuga hupita. Huketi mahali nilipoketi siku ile, naye hunipakulia, kisha hupakua sahani nyingine saba, anazipanga karibu na mlango na kusubiri atakayekuja. Mara nyingine hujaa watoto. Mara nyingine hatokei mtu, na tunakaa wawili tukizitazama zinapoa.

"Inatosha?" huniuliza.

Namjibu kwamba inatosha.